Gia Ndogo Ilikuwa Katikati

Mwanangu Zaituni,

Hali yako siiulizi, kwa sababu nakusikia. Uko uani pamoja na shangazi zako, unasukwa nywele za safari, na mimi niko chumbani nyuma ya ukuta huu huu, nimekaa kitandani, sanduku lako jipya nimelifanya meza. Adhana ya alasiri haijapita muda mrefu. Kila shangazi zako wakiangua kicheko natega sikio nikusikie na wewe, nawe hucheki. Najua sababu yake. Sababu ni mimi.

Asubuhi ulinikuta chini ya gari la tajiri. Ukanisubiri mpaka nikatoka, huku umeshika upindo wa kanga kama ulivyokuwa ukifanya utotoni ukiwa na kosa. Ukasema, "Baba, siwezi kwenda Dar es Salaam na jambo hili kifuani." Nikadhani umepata mchumba, nikajitayarisha kufoka. Kumbe ulikuwa na haya: "Ile siku ya njia ya Nyamisati, Ami Athumani hakuvunja giaboksi. Mimi niliichezea ile gia ndogo. Ni mimi, baba. Ami alifukuzwa kazi kwa ajili yangu."

Nami nikageuka, nikaenda zangu.

Najua ulivyolielewa lile. Umeelewa kwamba baba amekasirika, na kwamba unaondoka kwake ukiwa na radhi nusu. La, mwanangu. Naapa sikukasirika. Nilishtuka, mshtuko ambao sijapata kuupata maishani, hata siku ile kiboko alipouinua mtumbwi wetu mtoni tukiwa ndani. Miguu ilienda yenyewe. Nilijikuta nimekwisha pita nyumba ya mwisho ya Kibiti kwa upande wa kusini, kichwa wazi bila kofia, tambara la grisi mkononi. Mzee mmoja akaniuliza mpunga umeendaje mwaka huu, nikamjibu, "Wa alaikumu salamu." Akanitazama sana yule mzee, na kwa haki.

Wakati ule ulikuwa na miaka minane. Leo una kumi na minane. Maana yake umelala na kuamka na jambo hili miaka kumi ndani ya nyumba yangu, ukinitilia maji ya kunawa, ukinisomea barua za watu, na mimi sikuona kitu. Mimi ninayejisifu barazani kwamba nasikia boliti iliyolegea hata gari likiwa mbioni! Hapo tu panatosha kumfanya mtu atembee bila kofia. Lakini si hapo peke yake. Kuna jambo ambalo asubuhi nilipaswa kukuambia palepale, nami nikakupa mgongo, na sasa nataka kukuambia kwa kalamu. Vumilia nianzie nyuma kidogo.

Habari za kufua na kupika na kutotembea ovyo sitakuandikia. Mama yako amezimaliza zote, na mimi sijapata kufua shuka langu mwenyewe tangu nizaliwe, kwa hiyo nitanyamaza.

Lile gari unalikumbuka. Lori fupi la jeshi, rangi ya majani makavu, lililobaki baada ya vita ya Hitla likauzwa kwa raia. Bwana Rajabali, tajiri wangu, alilinunua likiwa limekwisha zeeka. Milango yake ilifungwa kwa kamba, na taa moja ilitazama juu kama inaomba dua. Lakini lilikuwa na sifa iliyofunika aibu zake zote: magurudumu yake manne yote yalivuta. Masika, magari mengine yalipolala Kibiti yakingoja jua, letu lilishuka mpaka Nyamisati kupokea mpunga unaoletwa kwa mitumbwi kutoka visiwani, na likarudi nao. Mkononi mwa dereva kulikuwa na vyuma viwili vya gia. Kikubwa kilikuwa cha kazi ya kila siku. Kidogo ndicho kilichogawa nguvu kwenda kwenye magurudumu. Ukikisukuma mbele gari linakwenda mwendo wa barabara, ukikivuta nyuma linapata nguvu za topeni, na kikisimama katikati hakuna gurudumu hata moja linalopata kitu. Injini itaguruma mpaka mafuta yaishe, gia kubwa utaingiza upendavyo, na gari litakaa palepale kama nyumba.

Madereva tulikuwa wawili, mimi mkubwa na Athumani mdogo wangu kwa kazi. Athumani alikuwa mtani wangu. Unajua utani wa ukoo wake na wetu ni wa tangu mababu. Alikuwa na ruhusa ya kuniita mchawi mbele ya mama mkwe wangu, na mimi sina ruhusa ya kununa. Alikwisha kutangaza sokoni kwamba mama yako aliniokota kwenye jaa. Mimi nilikuwa nikisema kwamba kwao wanazaliwa na mkia ukakatwa siku ya arobaini. Tulikula sinia moja. Na sharti la utani ni moja tu, kwamba neno la mtani halishikwi. Ukilishika umevunja kitu ambacho hukukijenga wewe.

Siku ile ulikuwa umetoka Mbwera kwa bibi yako, mama yangu, aliyekulea mpaka umri wa kuanza shule. Ulivuka kwa mtumbwi na magunia ya mpunga, ukashuka Nyamisati umevaa gauni jipya refu kuliko wewe. Tukapakia, tukaondoka. Njiani tukakwama kwenye ule udongo mweusi, na aliyekuwa kwenye usukani ni Athumani. Akakuambia, "Haya, bibi dereva, shika hicho kidogo, vuta!" Ukakivuta kwa mikono miwili, gari likanguruma, likapanda likatoka, nawe ukapiga kelele za furaha. Nilikuwa nyuma nasukuma, nimejaa tope mpaka masikioni, nikakusikia. Kwa hiyo leo unaponiambia kwamba tuliposimama kusali adhuhuri na kula muhogo, wewe ukabaki ndani ya gari ukataka kukivuta tena, naelewa. Ningekuwa mimi nina miaka minane ningekivuta mpaka king'oke.

Tuliporudi nilikaa mimi kwenye usukani. Nikaliwasha, likawaka. Nikaingiza gia ya kwanza, ikaingia kama siagi. Nikaachia klachi. Injini ikaguruma, gari halikwenda. Nikatoa, nikaingiza ya pili. Halikwenda. Ya kurudi nyuma, halikwenda. Gari lililokuwa zima nusu saa iliyopita, limebeba mpunga wa tajiri na mtoto wangu, limekufa ghafla katikati ya pori.

Nikamshukia Athumani. "Umelivunja! Kule topeni ulilikokota kwa pupa, meno ya giaboksi umeyasaga yote!"

Alikuwa bado anatafuna muhogo. Akasema, "Ndiyo, mtani, nimelivunja. Meno yake nimeyatafuna, yamekosa chumvi tu. Lakini kabla hujanizika, hebu tazama hiyo gia ndogo, isije ikawa imelala usingizi kama mwenyewe."

Soma tena maneno hayo, Zaituni. Nimeyaandika kama alivyoyasema, sijasahau hata herufi. Yana nusu mbili. Nusu ya kwanza ni utani mtupu, na nusu ya pili ndiyo ugonjwa wenyewe wa gari, ameutaja akiwa amesimama, mkono mmoja una muhogo, bila kushika spana. Mimi sikusikia lolote. Nilisikia ananicheka mbele ya mtoto wangu. Nikamwambia, "Unanifundisha gari, wewe? Nenda Kibiti kwa miguu, kamwite tajiri, na uje na spana kubwa." Akaenda. Mpaka alipopotea kwenye kona alikuwa bado ananipigia kelele kwamba nisile mpunga mbichi wa watu kwa njaa. Wewe ulikuwa umejikunyata kwenye kiti. Nikadhani unaogopa sauti yangu.

Sasa hapa nikuambie kitu cha kazi, kwa sababu unakwenda kusomea uuguzi, na siku moja mtu atawekwa mbele yako ameacha ghafla kufanya alichokuwa akifanya jana. Gari likiguruma lisiende, mwenye akili zake huanza na vile visivyotaka spana. Huuliza nani ameligusa mwisho. Hutazama gia zote zimekaa wapi. Hulala chini akamwambia mwenziwe aachie klachi, atazame kipi kinazunguka na kipi kimelala. Kazi hiyo haimalizi hata kikombe cha chai. Mimi nilianza na spana. Nilikuwa nimekwisha amua ugonjwa kabla sijamgusa mgonjwa, na nilikuwa nimeuamua kwa sababu nilimtaka mtu fulani awe na hatia.

Nikamwaga mafuta ya giaboksi. Giaboksi iliyovunjika meno hutoa mafuta yenye vumbi la chuma, ukiyasugua kidoleni yanakwaruza. Yale yalitoka safi. Niliyasugua mara tatu, mwanangu, laini kama ya nazi. Gari lilikuwa linaniambia kwa sauti yake yote kwamba si mgonjwa hapo. Nikasema moyoni, basi limevunjikia ndani zaidi. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo, jinsi mtu anavyoweza kuonyeshwa kwa macho na kwa kidole, akageuza alichoonyeshwa kiwe ushahidi wa alichokwisha kuamua.

Nikafungua kifuniko. Springi ikaruka na gololi yake, ikazama topeni, sikuipata tena. Nikang'oa vyuma ambavyo sikujua kuvirudisha, nikavipanga juu ya gunia, vingine vikabiringika. Kwa saa mbili niliiua giaboksi nzima kwa mikono yangu. Wewe nilikuwa nimekwisha kukupeleka nyumba iliyo karibu na njia, mama mwenye nyumba akakupa uji. Nikarudi peke yangu kung'oa bati la sakafu nipate nafasi. Kulitoa lile bati ni lazima usogeze vyuma vya gia. Nikainua mkono.

Gia ndogo ilikuwa katikati.

Niliiona, Zaituni. Nilijua. Nilijua siku ileile, jua likiwa bado juu ya mikoko. Hili ndilo jambo lililonishinda kusema asubuhi. Umekuja kuniungamia kwa machozi kitu ambacho nimekijua miaka kumi.

Sikujua kwamba ni wewe. Hilo naapa. Nilijiambia labda Athumani aliisahau pale, au mimi mwenyewe niliipiga goti nikishuka. Sikuuliza, kwa sababu sikutaka kujua. Nilichofanya ni kugeuka kushoto na kulia. Hapakuwa na mtu. Vyuma vilikuwa vimetapakaa juu ya gunia, mafuta safi yamemwagika majanini. Dereva mkubwa wa Bwana Rajabali alikuwa ameipasua giaboksi nzima ya tajiri kwa kosa ambalo mtani wake alimwonyesha akitafuna muhogo. Nikaisukuma gia ndogo mbele, ikaingia mahali pake. Ilikuwa kazi nyepesi kabisa.

Kesho yake Athumani akarudi na tajiri kwa gari la kuazima. Bwana Rajabali hakupiga kelele. Yeye hapigi kelele. Akauliza, "Nani amevunja?" Nikasema, "Athumani. Amekiri mwenyewe." Akauliza tena, "Amekiri?" Nikasema, "Kwa ulimi wake. Alisema, nimelivunja." Na hayo yalikuwa kweli, si ndiyo? Nilichukua nusu ya maneno ya mtu nikayapeleka kwa tajiri kama mtu anayepeleka kichwa cha samaki akaacha kiwiliwili jikoni.

Athumani alicheka kwanza. Alidhani naendeleza utani. Kisha akanitazama usoni, kicheko kikakatika. Akapanda garini, akainama, akaitazama gia ndogo. Ilikuwa mahali pake. Akashuka polepole. Nilimwona akiitazama mikono yake yote miwili, akiigeuza. Akamwambia tajiri, "Basi ni mimi, Bwana. Nililikokota kule topeni." Akachukua shuka lake, akaondoka.

Kwa hiyo si kwamba nilimsingizia tu. Nilimfanya aamini. Miaka kumi hii huyo mtu anaamini kwamba alilivunja gari. Habari ya dereva aliyekiri kuua giaboksi ilitembea kuliko gari lenyewe, toka Kibiti mpaka Mohoro, hapakuwa na aliyempa usukani tena. Akaenda Mbwera, akalima mpunga na kupiga kasia. Alikuwa akijua ugonjwa wa injini kwa kusikiliza akiwa amelala.

Nikajidanganya kwamba nimefanya kwa ajili yako. Nikifukuzwa mimi, shule utakwenda vipi? Nililisema hilo moyoni mara nyingi mpaka likaanza kufanana na ukweli. Nawe kumbe ulikuwa ukienda shule hiyohiyo kila asubuhi na mzigo wako, ukidhani ada yako imelipwa kwa kazi aliyopoteza Ami. Mungu wangu. Tungekaa siku moja tukasemezana, sentensi moja tu ya kwangu ingekutua mzigo huo. Nilikuwa nayo mfukoni wakati wote.

Unakumbuka msiba wa bibi yako kule Mbwera? Ulikuwa na kumi na mbili. Unajua mtani kazi yake msibani. Ndiye anayezuia jeneza mlangoni, ndiye anayelala kaburini akidai hatoki mpaka apewe kitu, anawafanya wafiwa wacheke kwa nguvu kisha walie vizuri. Niliposikia Athumani amekuja nilishukuru. Nikasema, leo atanitukana, tutamaliza. Akaja amevaa kanzu yake. Akasimama safu ya nyuma, akasali, akatupa udongo wake, akaja akanipa mkono. Akasema, "Pole sana, Bwana." Akarudi shambani. Bwana! Watu wote walisikia. Jeneza la mama yangu lilitoka mlangoni bila kuzuiwa na mtu, kama la mgeni. Shangazi zako walinilaumu mwaka mzima kwamba nimemfanyia nini mtani, nami nikasema sijui.

Hapo, mwanangu, ndipo nilipojifunza. Si pale kwenye gari. Kwenye gari nilikosea kama fundi, na fundi husamehewa. Nilichoharibu kabisa ni kuinyoosha ile gia wakati hapakuwa na mtu. Utafika huko hospitali, utakosea, nani asiyekosea? Utampa mtu dawa ya jirani yake, au utamsikiliza daktari mwenye suti ukaacha kumsikiliza mfagiaji anayekuambia kwa mzaha kwamba mgonjwa wako hajakojoa tangu jana. Kisha itakuja dakika moja utakuwa peke yako na kosa lako, na mkono wako utajua wenyewe jinsi ya kulificha. Sitakuambia ufanye nini dakika hiyo. Sina uso wa kukuambia. Nakuambia tu kwamba niliwahi kuwa ndani yake, ilikuwa fupi sana, na sijatoka mpaka leo.

Sasa nikueleze kwa nini kesho utapanda basi. Nilikuahidi kukupeleka mimi mwenyewe kwa gari la tajiri mpaka mlangoni kwa hao wauguzi, na najua ulikwisha waambia wenzako. Nilipotoka kule njiani bila kofia nilikwenda moja kwa moja dukani kwa tajiri. Watu walikuwepo, wawili watatu, wananunua chumvi na mafuta ya taa. Bwana Rajabali amezeeka, anasoma kwa miwani miwili. Nikamwambia palepale, mbele yao. Giaboksi ilikuwa nzima, Bwana. Gia ndogo ilikuwa katikati. Niliiua mimi, na nikamsingizia Athumani.

Nilijitayarisha aniulize habari za gari lake. Akavua miwani, moja, kisha nyingine. Akasema, "Yule mtu yuko wapi sasa?"

Nikasema yuko Mbwera.

"Nilikuuliza mara mbili," akasema. "Unakumbuka? Nilikuuliza mara mbili, kwa sababu yule mtu alikuwa mcheshi, na mimi nimekaa na nyinyi tangu nizaliwe, utani naujua. Wewe ukaniambia amekiri. Umenifanya na mimi nimdhulumu mtu." Machozi yakamdondoka juu ya mizani. Sikujua kwamba mzee yule anaweza kulia. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Nikatoka.

Unajua nilifanya nini nilipofika nyumbani? Mama yako aliniuliza kwa nini nimekuja kwa miguu. Nikafungua kinywa, na ulimi wangu, wenyewe, ukaanza, "Gari limekufa giabo..." Nikaukamata hapohapo. Wallahi nilitaka kujizaba kofi. Saa moja tu tangu niungame, na tayari giaboksi inakufa tena! Nikamkalisha, nikamwambia yote. Sasa anapika. Sufuria zinagongana kuliko kawaida. Usimuulize, atasema akiwa tayari, na nitasikia.

Kwa hiyo wewe huna deni kwa Ami yako. Mtoto alicheza na kitu alichoonyeshwa na mtu mzima, basi. Kama mtu mzima mwingine angetazama chini kwa muda wa kuhesabu mpaka tano, tungecheka, ungefinywa sikio kidogo, tungefika Kibiti kabla ya magharibi. Kila kilichofuata ni changu. Lishushe, Zaituni. Usilipakie basini. Uliponiambia asubuhi ulikuwa na ujasiri ambao baba yako hakuupata kwa miaka kumi, na badala ya kukushika mkono nilikuachia mgongo wangu uutazame. Hilo nalo naliombea msamaha, na hilo unaweza kunisamehe leo kama moyo unakutuma.

Kile kikubwa, bado. Usinisamehe kwanza. Mbele yako kuna mtu.

Kesho nikikupandisha basi nitashika njia ya Nyamisati kwa miguu, ileile aliyotembea yeye kwa amri yangu, kisha nitatafuta mtumbwi wa kwenda Mbwera. Nitamwambia mikono yake haikuvunja kitu. Nitamwambia mbele ya watoto wake, maana nao wamelelewa na baba aliyevunja gari. Bwana Rajabali ametuma neno kwamba nisirudi bila huyo mtu, na kwamba ule ufunguo unamngoja yeye. Mimi sina la kudai hapo.

Atanipokeaje sijui. Naogopa, nakuambia wazi. Akinitandikia mkeka mpya, akaniuliza habari za safari kwa heshima, akaniita Bwana, nitajua yamekwisha. Nitakunywa maji yake, nitashukuru, nitarudi. Lakini pengine atanitazama kutoka shambani, jembe begani, anipigie kelele kwa mbali, mchawi mkubwa wewe, umevukaje maji bila kuzama, mwanamke aliyekuokota jaani amekuchoka?

Nimekwisha kusikia shangazi zako wanasema nywele zimebaki mstari mmoja. Barua hii naiweka juu ya nguo zako, uione kabla hujafunga sanduku. Ukiimaliza, toka uani, mimi niko mlangoni, na safari hii sitageuka.

Na huko uendako, ukiinua mikono baada ya sala, usiniombee riziki wala umri. Niombee nitukanwe.

Ni mimi, baba yako.